Kona Kumi na Saba za Kwenda Mwisho wa Reli

Nchi nyingine huanza historia yao na mfalme, au nabii, au vita vilivyoshindwa kwa taabu. Jamhuri yetu ya Mteremko ilianza na treni. Wageni waliotutawala walitandaza reli kutoka bandarini kuelekea bara, na kila ilipopita wakasema hapo ni kwao. Basi hapo ndipo pakawa kwetu.

Miji yetu haikupewa majina, ilipewa namba. Tuna Maili Tisa, Maili Arobaini na Maili Mia, ambako vyuma viliisha wageni walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe huko kwao. Watoto wa enzi hizo waliitwa Filimbi, Behewa na Injini, na upo ukoo mzima wa akina Mataruma, jina la vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya reli, watu wavumilivu sana, wasiolalamika hata wakikanyagwa. Bunge hufunguliwa treni ikishawaleta wabunge. Harusi hupangwa kwa ratiba ya treni. Wapo wanaosema serikali ndiyo iliyojenga reli. Sisi wengine tunajua kwamba reli ndiyo iliyojenga serikali, ila hatulisemi kwa sauti, maana serikali haipendi kukumbushwa wazazi wake.

Sasa, maili arobaini na moja mbele ya Maili Mia upo mji unaoitwa Mwisho wa Reli. Reli haijawahi kufika huko. Jina liliandikwa kwenye ramani na mpimaji mmoja mgeni aliyekuwa na matumaini makubwa, kisha wenyeji walipoulizwa kwao ni wapi, wakajibu kama ramani ilivyosema. Hilo lilikuwa miaka tisini iliyopita. Watu wa Mwisho wa Reli hulima vitunguu vikubwa kama ngumi ya bondia, huvipakia kwenye mikokoteni ya punda, na huvifikisha Maili Mia nusu yake vikiwa vimeoza. Wajawazito wenye uchungu mgumu nao hubebwa kwa machela kwenda hospitali ya Maili Mia, na hao pia si wote wanaofika.

Mji huo ulikuwa na stesheni masta. Aliitwa Mzee Ngatunga, na aliteuliwa kwa utaratibu kamili: siku moja karani wa wizara aliona kwenye orodha kuna stesheni isiyo na msimamizi, akaona ni aibu, akampeleka mtu. Mzee Ngatunga, wakati huo kijana aliyetoka mafunzoni, alishuka Maili Mia, akauliza treni ya kuendelea inaondoka saa ngapi, watu wakamwonyesha punda.

Mtu mwingine angerudi. Yeye aliwaomba wenyeji matofali, wakajenga chumba kimoja, ukumbi wa mawe uliotazama nyasi tupu, na mahali pa kuweka mizani. Kila siku saa nne asubuhi alisimama pale na sare yake, filimbi shingoni, bendera ya kijani mkono wa kulia na nyekundu mkono wa kushoto. Saa tano aliingia ndani kuandika taarifa, nakala tatu: "Treni haikufika. Sababu: hakuna reli." Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Wizara ilimjibu mara moja tu, katika mwaka wa kumi na mbili: "Taarifa zako zimepokelewa. Jitahidi kupunguza ucheleweshaji."

Wageni waliopita mjini walidhani mzee ana kichaa. Hapana. Alikuwa mtumishi wa umma.

Mzee Ngatunga alikuwa na dada aliyemfuata mjini na kuolewa hapo. Dada huyo alifia njiani, maili ya ishirini na tatu, akipelekwa kwenda kujifungua mtoto wa pili. Mtoto wake wa kwanza, binti aliyeitwa Sikitu Malembeka, alilelewa na mjomba wake pale stesheni, akajifunza kusoma kwa kitabu cha kanuni za reli kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Alipokua alikwenda kusomea upimaji wa njia, akafaulu kuliko wote, na Shirika la Reli likamwajiri kabla halijagundua kwamba hana mkubwa wa kumpigia simu ya kumwombea kazi.

Halafu ukaja mwaka ambao Mtukufu Rais alihitaji kupendwa upya. Alisimama uwanjani, akasema kwamba reli itafika Mwisho wa Reli kabla ya mwaka kwisha, akagonga meza ikavunjika, na kitendo hicho kikahesabiwa kuwa uzinduzi. Kazi ya kuchora njia ikaangukia kwa Injinia Sikitu.

Alitembea bondeni wiki tatu kwa miguu. Bonde lenyewe ni tambarare, halina mlima wala mto wa kutisha, kiasi kwamba hata ng'ombe huchoka kulitazama. Akarudi na mstari mmoja ulionyooka, maili arobaini na moja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Akaupeleka kwa Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Mbwilo, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza kama ya daktari anayekaribia kuchoma sindano.

Bwana Mbwilo aliutazama mstari kwa muda mrefu, akauliza kama ndio wote. Sikitu akasema ndio wote. Bwana Mbwilo akavua miwani.

"Injinia," alisema, "mstari ulionyooka ni dalili ya kukosa washauri."

Mstari ukaenda kwenye Baraza la Mawaziri. Waziri wa Mifugo aliusifu sana, akaomba upinde kidogo upitie kwenye zizi lake, ili ng'ombe wa taifa wazoee maendeleo. Waziri wa Elimu alikuwa na mama mkwe. Waziri wa Maji alikuwa na nyumba ya wageni isiyo na wageni. Mkuu wa Majeshi alitaka kona tatu mfululizo za kumchanganya adui, na alipoulizwa ni adui gani, akasema hiyo ni siri hata kwake. Spika aliomba kona kwa sababu wenzake walikuwa nazo. Kiongozi wa upinzani alifanya maandamano kulaani kona, akapewa ndogo, maandamano yakaahirishwa. Mwisho Mtukufu Rais akasema kwamba yeye hataki upendeleo wowote, ila shamba lake la njegere lisipitwe kwa kudharauliwa. Ikaamuliwa reli ilizunguke shamba lote, wageni walione kila upande.

Zilikuwa kona kumi na saba. Sikitu alipinga kwa barua, barua ikarudishwa na pongezi kwa mwandiko mzuri. Wenzake ofisini walimshauri aache kazi kwa heshima. Alifikiri jambo hilo siku mbili akaona hapana. Reli iliyopinda, alijiambia, bado inamfikisha mwenye uchungu upesi kuliko mabega ya wanaume wanne. Akazichora kona zote, moja baada ya nyingine, akiuma meno.

Vyuma vilivyoagizwa vilikuwa vya maili mia na ishirini, kwa sababu serikali yetu hujijua na huagiza mara tatu. Kona zikavila. Wajenzi walipofika maili nane kabla ya mji, katikati ya nyasi, fundi mkuu alinyoosha mkono kupokea chuma kingine akapewa mkono mtupu.

Hapo Injinia Sikitu alikataa kutia saini hati ya kukamilika. Hati ilisema reli imefika Mwisho wa Reli, naye akasema haijafika, mtu yeyote mwenye miguu anaweza kwenda kuhakikisha. Bwana Mbwilo hakukasirika. Aliomba apewe hadi Ijumaa. Ijumaa likatoka Gazeti la Serikali, na ndani yake tangazo fupi: kuanzia leo, mahali palipo na mwisho wa reli pataitwa Mwisho wa Reli. Mji wa zamani utaitwa Nyongeza.

"Umeona?" alisema Bwana Mbwilo. "Hatujambishia mtu."

Kisheria hati sasa ilikuwa ya kweli. Sikitu akatia saini, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akaomba ruhusa ya kwenda kwa mjomba wake. Barua ya uhamisho ya Mzee Ngatunga ilikuwa inatakiwa kupelekwa, naye hakutaka iletwe na mtu mwingine.

Alimkuta mzee ukumbini, saa nne na nusu, bendera mikononi. Akamwamkia, mzee akaitikia bila kugeuza shingo, maana alikuwa kazini. Sikitu akasubiri mpaka saa tano. Kisha wakaingia ndani, akampa barua. Ilisema kwamba kwa kuwa stesheni ya Mwisho wa Reli imehamishwa maili nane kwenda porini, na yeye amehamishwa pamoja nayo, na ataipokea treni ya Mtukufu Rais siku ya Jumamosi.

Mzee aliisoma mara mbili. Sikitu alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi, na alikuwa na maneno yake ya kuomba radhi. Hayakuhitajika.

"Mpwa wangu," mzee aliuliza, "nikihamia huko, kanuni zinahama nami?"

"Kanuni ni zilezile, mjomba. Hakuna aliyezigusa tangu enzi za wageni. Sidhani kama yupo aliyezisoma."

Mzee akakunja barua, akaanza kupiga pasi sare.

Jumamosi hiyo watu wa Nyongeza waliondoka alfajiri. Hawakualikwa. Tangazo la wizara lilisema wananchi wa kushangilia wataletwa na serikali kutoka Maili Mia, wakiwa wamekwisha kufundishwa. Lakini watu wetu walikuwa wameingoja treni miaka tisini, hawakuona sababu ya kuikosa kwa maili nane. Walikwenda na punda, na vigoda, na magunia mia mbili ya vitunguu, na mizani ya stesheni ikiwa imebebwa na vijana sita wa ukoo wa Mataruma. Mzee Ngatunga alitangulia mbele kwa miguu, amevaa kofia.

Porini walikuta kibao kipya, zulia jekundu, na jukwaa lenye kivuli. Mzee akachagua mahali pake kando ya reli, akatega mizani, akaanza kupima magunia na kuyatia alama ya chaki, moja moja, kama mtu aliyefanya kazi hiyo jana.

Treni ilitakiwa saa nne. Ilifika saa kumi jioni. Kona zilikuwa nyingi, na kwenye kila kona mwenye kona alitaka isimame kidogo, ipigwe picha. Mabehewa manne yalijaa mawaziri na wake zao. Mtukufu Rais alishuka, akakanyaga zulia, akazitazama nyasi pande zote, akauliza mji uko wapi. Bwana Mbwilo akamnong'oneza kwamba mji unakuja.

Hotuba ilikuwa ya saa moja. Mtukufu Rais alisema kwamba wakoloni walishindwa kwa miaka tisini, yeye ameweza kwa mwaka mmoja. Kwamba reli ni uti wa mgongo wa taifa, na uti wa mgongo wenye afya huwa na mkunjo. Walioletwa kushangilia wakashangilia. Watu wa Nyongeza walikuwa wakiitazama treni yenyewe. Bibi mmoja aliinama akagusa gurudumu kwa kiganja, akakaa hivyo, hakuna aliyemwondoa.

Jua lilikuwa linashuka, wakubwa wakarudi ndani haraka. Dereva, Bwana Ngwembe, akapiga honi. Treni haikuondoka. Alipiga tena, na tena, na Bwana Mbwilo akaenda mbio kumwuliza anangoja nini. Bwana Ngwembe, mtu wa miaka ishirini kazini bila kosa hata moja, akaonyesha kwa kidole. Kando ya reli alikuwa amesimama Mzee Ngatunga. Bendera iliyokuwa juu ilikuwa nyekundu.

Bwana Mbwilo akamwambia mzee kwa sauti yake ya sindano kwamba hiyo ni treni ya Mtukufu Rais. Mzee akajibu kwa adabu kwamba anaona, ndiyo maana anafuata utaratibu kwa uangalifu zaidi. Akafungua kitabu. Kanuni ya kumi na nne: treni iliyofika nje ya ratiba haiondoki mpaka sababu ya kuchelewa iandikwe na kutiwa saini na msafiri mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliomo. Kanuni ya kumi na tano: treni haiachi stesheni mzigo uliokwisha kupimwa.

Bwana Mbwilo akamwamuru dereva aondoe treni. Bwana Ngwembe akaomba amri hiyo kwa maandishi. Sasa kutia saini ndicho kitu ambacho Bwana Mbwilo hakuwahi kukifanya katika utumishi wake wote, na ndio maana alikuwa Katibu Mkuu. Akarudi behewani na fomu ya kanuni ya kumi na nne.

Mtukufu Rais alicheka, akaandika: "Sababu: ukoloni." Mzee Ngatunga akaisoma, akatoa fomu nyingine, akaeleza kwa heshima zote kwamba kanuni inataka sababu iliyotokea ndani ya safari. Mtukufu Rais hakucheka, akaandika: "Hali ya hewa." Mzee akatazama juu. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Akatoa fomu ya tatu.

Mawaziri walianza kutazama viatu vyao. Mtukufu Rais akatoa kichwa dirishani, akauliza nani aliyepima njia hii. Watu wakasogea pembeni, Sikitu akabaki peke yake. Alisema baadaye kwamba alimfikiria mama yake.

"Injinia," alisema Mtukufu Rais, "kwa nini treni yangu imechelewa?"

"Mtukufu, kutoka Maili Mia hadi hapa ni maili thelathini na tatu. Umesafiri maili mia na ishirini. Njia ina kona kumi na saba, na kila kona ina mwenyewe."

"Kubwa kuliko zote ni ya nani?"

Bwana Mbwilo akakohoa. Waziri wa Mifugo akaanza kukohoa naye, kwa kumsaidia.

"Ni ya njegere, Mtukufu," alisema Sikitu.

Punda mmoja tu ndiye aliyezungumza. Mtukufu Rais akazitazama nyasi, akamtazama mzee na kitabu chake, akalitazama jua, maana kesho yake alikuwa na karamu Makao Makuu. Kisha akaandika neno moja, akasaini. Neno lenyewe lilikuwa "Kona." Wanaojua mambo wanasema ndilo neno la kweli pekee lililowahi kuandikwa na kiongozi wetu kwenye karatasi ya serikali, na ndiyo sababu fomu hiyo imefungiwa.

Ikabaki kanuni ya kumi na tano. Treni ya wakubwa haikuwa na behewa la mizigo, hivyo magunia mia mbili ya vitunguu yaliingizwa walimo mawaziri: chini ya viti, juu ya meza, kwenye mapaja ya wake zao. Mengine yalipasuka. Mzee Ngatunga alihesabu gunia la mwisho, akapuliza filimbi, akainua bendera ya kijani. Treni ikaondoka, ikapotea kwenye kona ya kwanza, ikaonekana tena, ikapotea kwenye ya pili.

Siku mbili baadaye redio ya taifa ilitangaza kwamba viongozi wetu waliguswa mno na hali za wananchi wa bara, hata wakarejea Makao Makuu wakibubujikwa na machozi.

Sikitu hakufungwa. Kumfunga kungehitaji mtu aeleze kosa lake mahakamani. Alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Unyooshaji, na akapewa ofisi yenye rula sita, bila hata kipande cha reli. Ilidhaniwa atakaa humo mpaka asahaulike. Lakini mwezi wa tatu Waziri wa Mifugo alifukuzwa kazi, na siku iliyofuata Sikitu alikwenda na mafundi, wakaing'oa kona yake isiyo na mwenyewe tena, wakavibeba vyuma mbele wakavitandaza kuelekea Nyongeza. Ilikuwa maili mbili na nusu. Tangu hapo hakuna watu duniani wanaosikiliza taarifa za mabadiliko ya baraza la mawaziri kwa hamu kama watu wa Nyongeza. Waziri akitenguliwa, wanawake hupiga vigelegele, na vijana wa ukoo wa Mataruma huenda kunoa sururu.

Treni sasa huja mara mbili kwa wiki, mpaka pale vyuma vilipofika. Hutumia siku nzima, ila wajawazito hufika hospitali, na mmoja aliyejifungulia njiani, kwenye kona ya tisa, amempa bintiye jina la Kona. Abiria wenye afya wamejifunza kuishi nayo. Kwenye shamba la njegere hushuka wote, hukata katikati kwa miguu, hunywa chai upande wa pili, husuluhisha ugomvi wa ndoa moja au mbili, kisha hupanda tena treni ikiwafikia.

Mzee Ngatunga alistaafu Desemba. Sikitu alikuja kumchukua kwenda kupumzika kwake mjini, naye mzee, ambaye hakuwa amepanda treni tangu ujana wake, akakaa dirishani na kofia magotini. Walipofika kwenye njegere treni ikapunguza mwendo, watu wakaanza kushuka na birika zao. Sikitu naye akasimama, akamshika mkono, akamwambia kwamba hapa watu hutembea, ni dakika ishirini tu, treni yenyewe itachukua saa mbili.

"Shuka wewe, mama," alisema mzee, bila kuondoa macho dirishani. "Mimi nimeingoja miaka thelathini na moja. Acha inizungushe."

Sikitu akakaa tena.